Jina Unalolitaka Lina Mwenyewe
Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati kuhusu kununua jina la kikoa kutoka kwa anayelishikilia

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, ndugu wafanyabiashara, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie majina ya vikoa, yaani majina ambayo mteja huyaandika kwenye simu yake ili afike kwenye tovuti yako, na ambayo hukaa baada ya alama ya @ katika anwani yako ya barua pepe. Kwa kuwa habari za kusajili jina jipya zinajulikana na wengi wenu, nimeona muda wangu wote niutumie kwa swali moja ambalo wenye biashara huniletea mara kwa mara: nifanye nini ikiwa jina ninalolitaka tayari limesajiliwa na mtu mwingine?

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipime nao hadi mwisho. Mtu aliyekutangulia kulisajili jina kwa haki ni mwenye mali, na anastahili kuendewa kama mwenye mali. Ukimwendea hivyo, ukiwa umeshajua kikomo cha fedha yako na umeshapanga namna fedha na jina vitakavyobadilishana mikono, mara nyingi mtaelewana, na msipoelewana utajua mapema kwamba inakubidi kutafuta jina jingine. Ukimwendea kwa vitisho utapoteza fedha na muda, na bei itapanda. Na ukilichapa jina hilo kwenye mabango, mifuko na vitabu vya risiti kabla hujalipata, uamuzi wa bei umeshauacha mikononi mwa muuzaji.

Kwanza tuelewane tunanunua nini. Hakuna anayemiliki jina la kikoa moja kwa moja na milele. Majina ya .com, .net na .org yako chini ya kanuni za ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa nchini Marekani mwaka 1998. Kila kundi la majina lina rejista yake, yaani chombo kinachotunza orodha ya majina hayo, na chini ya rejista wapo wasajili, ambao ndio mimi na wewe tunawalipa ada. Unachopata ni haki ya kulitumia jina kwa kipindi ulicholipia, ambacho kwa .com ni mwaka mmoja hadi kumi, pamoja na haki ya kuhuisha usajili huo mradi unalipa na kufuata masharti. Wenye maduka Kariakoo watanielewa haraka nikisema kwamba fedha unayompa mwenye jina ni kilemba: unamlipa mpangaji aliyepo akupishe, lakini kodi ya mwenye nyumba iko palepale na utaendelea kuilipa kila mwaka. Ndiyo maana jina la .com lililouzwa kwa mamilioni ya dola huhuishwa kwa ada ileile ndogo inayolipwa kwa jina la .com ambalo halijawahi kuuzwa.

Tangu tarehe 15 Machi 1985, symbolics.com iliposajiliwa na kuwa jina la kwanza la .com, kanuni ya msingi haijabadilika: anayewahi ndiye anayepata. Hakuna ofisa anayeuliza kama unalihitaji jina kuliko jirani yako. Kanuni hii humuuma anayechelewa, lakini ndiyo inayokulinda wewe pia usije ukanyang'anywa jina lako na kampuni kubwa itakayoanzishwa kesho.

Hatua inayofuata ni kumjua mwenye jina. Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa rahisi, kwa sababu huduma iitwayo WHOIS ilimwonyesha yeyote aliyeuliza jina la mmiliki, anwani yake, simu na barua pepe. Mwezi Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya taarifa hizo ilifichwa, na leo rekodi nyingi huonyesha tu msajili, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha, seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina liende kwenye tovuti gani, na hali ya jina. Msiidharau rekodi hiyo fupi. Tarehe ya kusajiliwa inakwambia kama jina lilikuwapo kabla biashara yako haijazaliwa. Tarehe ya kuisha inakwambia kama amelipia miaka mingi mbele, jambo ambalo mtu asiyelithamini jina halifanyi. Seva za majina huonyesha mara nyingi kwamba jina limeegeshwa kwenye soko la majina, yaani limewekwa tu likisubiri mnunuzi, na ukiona hivyo ujue unazungumza na mfanyabiashara mwenzako. Aidha, wasajili wengi huweka fomu ya kumpelekea mmiliki ujumbe bila kumtaja, na kwenye hifadhi ya Internet Archive unaweza kuona tovuti iliyokuwa kwenye jina hilo ilifananaje miaka iliyopita, na pengine hata simu ya ofisi iliyokuwa imeandikwa chini ya ukurasa.

Lakini kuna mmiliki mmoja ambaye katika miji yetu hutokea mara nyingi mno, naye si mgeni kwako hata kidogo: ni fundi aliyekutengenezea tovuti. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Mwenye nyumba ya wageni kule Zanzibar, au mwenye duka la vipuri Arusha, humlipa kijana mmoja fedha ya tovuti. Kijana anafungua akaunti kwa msajili, na kwa kuwa akaunti inadai jina, simu na barua pepe, anajaza za kwake. Huenda hana nia mbaya. Amefanya hivyo kwa sababu ndiyo njia ya haraka na mteja mwenyewe hana barua pepe anayoifungua. Miaka inapita. Tovuti inafanya kazi, wageni wanaweka nafasi, anwani ya barua pepe imechapwa kwenye kadi na kwenye ubavu wa gari. Siku moja tovuti inazimika. Mwenye biashara anaomba mtu mwingine amsaidie, wanaifungua rekodi ya usajili, na kwenye mstari wa mmiliki panasomeka jina la kijana yule, na kwenye mstari wa barua pepe anwani yake binafsi. Taarifa zote za kukumbusha malipo zilikwenda kwake, naye amehama, au amebadilisha namba, au mligombana kuhusu malipo ya awamu ya pili. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari ni rekodi ya msajili, hata kama risiti zote za malipo ziko kwenye droo yako.

Ukijikuta hapo, ushauri wangu ni kwamba usianze na polisi wala na maneno makali kwenye kundi la WhatsApp. Kusanya ushahidi wako kimyakimya: risiti, miamala ya simu, mazungumzo mliyofanya mlipokubaliana kazi, cheti cha usajili wa biashara chenye jina hilo. Kisha mtafute fundi na umwombe jambo moja tu, nalo ni kubadilisha taarifa za mmiliki na kulihamishia jina kwenye akaunti yako. Kama anakudai, mlipe anachodai kwa haki, hata kama unaamini kazi haikukamilika vizuri. Malipo ya madai ya zamani kwa kawaida ni nafuu kuliko kesi, na ni nafuu mno kuliko kuwaambia wateja wa miaka mingi kwamba anwani yenu imebadilika. Akikataa kabisa, hapo ndipo ushahidi ule unakwenda kwa msajili na kwa rejista, na baadaye kwa wakili. Na kwa wale ambao bado tovuti zao ziko hewani, naomba leo hii, kabla hamjalala, mwulizeni fundi wenu jina limesajiliwa kwa jina la nani. Mkiwa mnaelewana naye, jambo hilo ni la dakika chache.

Sasa nirudi kwa mmiliki ambaye hamfahamiani. Swali la kwanza ninaloulizwa ni kama anaweza kulazimishwa. Jibu ni kwamba anaweza, ikiwa alilisajili jina kwa hila dhidi yako. Mwaka 1999 ICANN ilipitisha utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina, na mashauri mengi husikilizwa chini ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lenye makao yake Geneva. Anayelalamika hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina ni sawa au linafanana kiasi cha kuchanganya na alama yake ya biashara, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Ada ya WIPO kwa jina moja hadi matano, mbele ya msuluhishi mmoja, ni dola 1,500 za Marekani, bila kuhesabu wakili. Ukishinda unapewa jina, au linafutwa. Hakuna fidia ya fedha. Majina ya nchi zetu, kama .tz na .ke, yana taratibu zake chini ya rejista zake, kwa hiyo msidhani kwamba kanuni za .com zinahamia kwenye .co.tz kama zilivyo.

Angalieni uzito wa sharti la tatu. Kama jina lilisajiliwa mwaka 2009 na kampuni yako ilianza mwaka 2019, ni vigumu sana kumwambia msuluhishi kwamba mtu yule alikuwa na nia mbaya dhidi ya kampuni ambayo haikuwapo. Wala kulitoa jina kwenye soko si kosa kwenyewe. Kosa ni kulisajili kwa kulenga alama ya mtu ili umuuzie yeye au mshindani wake kwa bei kubwa. Na kama huna hata alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, au KIPI, taasisi ya miliki bunifu, kwa ndugu zetu wa Kenya, shauri lako linaanza na mguu mmoja. Wasuluhishi wana hata tamko rasmi dhidi ya mlalamikaji anayetumia utaratibu huu kumnyang'anya mtu jina lake halali, na tamko hilo hubaki kwenye kumbukumbu za wazi.

Historia inatufundisha vizuri hapa. Uzi Nissan alikuwa mfanyabiashara Marekani, na Nissan lilikuwa jina la ukoo wake. Alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimfungulia kesi, na kesi hiyo ikaburutana kwa miaka. Mahakama zilimwekea mipaka katika kulitumia jina lile, na gharama zilimwelemea, lakini jina halikutoka mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 2020. Kampuni yenye uwezo wote ule iliendelea kuwauzia Wamarekani magari kupitia anwani ndefu zaidi. Ninapolitafakari shauri hili, naona pande zote mbili zilipoteza, na mkataba mmoja wa mauziano ulioandikwa mapema ungewaokoa wote.

New Zealand walipitia njia zote mbili. Jina newzealand.com lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Marekani iliyokuwa imekusanya majina ya nchi. Serikali ilipeleka malalamiko WIPO mwaka 2002, ikashindwa, kisha mwaka 2003 ikalinunua kwa takriban dola 500,000 za Marekani, na hadi leo ndipo utalii wa nchi ile unapojitangaza. Kinyume chake ni france.com. Jean-Noël Frydman alilisajili mwaka 1994 na kulitumia kwa habari za utalii wa Ufaransa. Serikali ya Ufaransa iliingia mahakamani Paris mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikaipa ushindi mwaka 2017, na mwaka 2018 jina likahamishwa bila yeye kulipwa. Alipokwenda kudai haki Marekani aligonga ukuta wa kinga ya kutoshtakiwa waliyo nayo serikali za kigeni. Natoa mfano huu kwa sababu sitaki kuwadanganya kwamba nguvu haifanyi kazi kamwe. Inafanya kazi kwa serikali, katika mahakama za nchi yake. Binafsi sioni kwamba mtu yule alitendewa haki baada ya zaidi ya miaka 20 ya kulitunza jina, na wala hakuna kati yetu humu ukumbini aliye na nguvu za Jamhuri ya Ufaransa.

Kwa hiyo tunanunua. Kabla ya kuandika neno lolote kwa mwenye jina, kaa na mhasibu wako mwamue mambo mawili: bei ya juu kabisa ambayo biashara itaibeba, na jina mbadala ambalo mtaishi nalo mkikosa. Mtu asiye na mbadala hawezi kuondoka mezani, na muuzaji hulitambua hilo haraka. Kwa biashara ambayo wateja wake wote wako Tanzania, mimi husema wazi kwamba .co.tz inatosha na hakuna sababu ya kutoa kilemba kikubwa kwa .com yenye jina hilohilo. Kwa kampuni ya kupandisha watalii Kilimanjaro, ambayo mteja wake yuko Chicago au Hamburg na anaandika .com bila kufikiri, hesabu ni nyingine, kwa sababu kila anayekosea anwani anaangukia kwa mtu mwingine.

Makampuni makubwa yenyewe yaliishi na mbadala. Facebook ilianza mwaka 2004 kama thefacebook.com, na mwaka 2005 ikanunua facebook.com kwa dola 200,000. Mwaka 2010 ikanunua fb.com kutoka kwa shirikisho la wakulima wa Marekani kwa dola milioni 8.5, wakulima wale hawakuwa wamefanya kosa lolote, herufi zile mbili zilikuwa zao kwa haki. Tesla ilitumia teslamotors.com kwa miaka mingi hadi ilipoipata tesla.com mwaka 2016, na Elon Musk alisema baadaye kwamba jambo hilo lilichukua zaidi ya muongo mmoja na dola milioni 11. Msizichukue bei hizi kama kipimo cha majina yenu. Ninazitaja ili muone kwamba kampuni inaweza kukua hadi kufahamika dunia nzima huku ikisubiri jina lake, na kwamba bei hufuata ukubwa wa mnunuzi. Anayelitaka jina na anunue akiwa bado mdogo.

Bei halisi ya jina lako itategemea urefu wake, kama ni neno linalojulikana, kama ni .com au la, na zaidi ya yote itategemea mwenye jina analitumia kwa nini. Anayeliegesha tu atauza kwa bei ya soko. Mwenye tovuti hai na barua pepe za wafanyakazi juu ya jina hilo anahesabu pia gharama ya kuhama, na ni haki yake. Anayelitumia kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake huenda asiuze kwa bei yoyote, na akikwambia hivyo, mshukuru umwache.

Barua ya kwanza ndiyo inayoharibu au kujenga. Iwe fupi, iwe na jina lako halisi au la wakala wako, na isiwe na kishindo. Mimi hupendekeza maneno ya namna hii: “Habari za kazi. Naitwa fulani, nina biashara ndogo ya kuuza samani. Nimeona kwamba wewe ndiye mmiliki wa jina hili la kikoa. Je, uko tayari kuliuza? Kama uko tayari, naomba unijulishe bei unayoifikiria, nami nitakujibu ndani ya wiki moja. Kama hauko tayari, nakushukuru kwa muda wako.” Hakuna habari ya wakili, hakuna habari kwamba tovuti yake ni mbovu au kwamba jina halimfai. Wala usimwandikie kwamba umeshasajili kampuni yenye jina hilo na umeshachapa mabango. Hilo ni la kwako na mkeo, au la kwako na mumeo.

Wengine huuliza kama wafiche utambulisho wao na kumtuma dalali. Kwa kampuni inayojulikana, naona ni busara, na muuzaji naye anaelewa kwamba dalali ana bosi. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza na kudanganya. Kujifanya mwanafunzi anayetaka jina kwa kazi ya shule ni uongo, na uongo ulioandikwa kwenye barua pepe unaweza kukurudia siku mkataba ukigombaniwa.

Kuhusu nani ataje bei kwanza, maoni yangu ni haya. Kwa muuzaji wa majina, mwache ataje, kwa sababu anayo bei tayari. Kwa mtu wa kawaida ambaye hajawahi kuuza jina, baada ya barua moja au mbili taja wewe kiasi cha kweli, kisicho cha kumdharau. Mwaka 2003 kijana wa Kanada aitwaye Mike Rowe, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na jina mikerowesoft.com, ambalo likitamkwa husikika kama Microsoft, kwa kazi zake za kutengeneza tovuti. Wanasheria wa Microsoft walimtaka aliachie na wakampa ofa ya dola 10. Kijana alijibu kwa kudai dola 10,000, habari ikasambaa duniani kote, na mapema mwaka 2004 kampuni ikabidi imalizane naye kwa zawadi na maneno mazuri. Kampuni ilikuwa na hoja ya kisheria, lakini ofa ya dola 10 iliwageuzia watu wote upande wa kijana.

Mkishakubaliana bei, hatari inahama kutoka kwenye maneno kwenda kwenye mabadilishano yenyewe. Muuzaji anaogopa kuliachia jina kabla hajalipwa, nawe unaogopa kulipa kabla hujalipata, na wote wawili mna haki ya kuogopa. Njia sahihi ni akaunti ya amana. Mtu wa tatu anayeaminika anapokea fedha yako na kumthibitishia muuzaji kwamba imefika. Muuzaji analihamisha jina. Wewe unahakikisha kwa macho yako kwamba liko kwenye akaunti yako. Ndipo mtu wa tatu anamwachia muuzaji fedha. Zipo kampuni za kimataifa zinazofanya kazi hii tu, na kwa mauziano ya ndani ya nchi, akaunti ya wateja ya wakili mnayemwamini wote inatosha. Mnayetaka kutuma fedha yote kwa muamala wa simu kwa mtu mliyekutana naye kwenye barua pepe, nawasihi msifanye hivyo, hata kama ada ya amana inaonekana kubwa.

Kabla fedha haijaingia kwenye amana, hakikisheni kwamba anayeuza ndiye mwenye jina. Mwombeni aweke neno fulani mliloliteua ninyi kwenye rekodi za jina, au aandike kutoka anwani ya barua pepe iliyo juu ya jina lenyewe. Mwizi wa majina hushindwa hapo. Angalieni pia jina lilitumika kwa nini huko nyuma. Jina lililotumiwa kutuma barua taka au kuuza dawa bandia linaweza kuwa limewekwa kwenye orodha za kuzuiwa, na barua zenu zikawa haziwafikii wateja kwa miezi.

Uhamishaji wenyewe una njia mbili. Kama nyote wawili mna akaunti kwa msajili mmoja, jina husogezwa tu kutoka akaunti moja kwenda nyingine, na mara nyingi humalizika siku hiyohiyo. Kama wasajili ni tofauti, muuzaji hufungua kufuli la jina, anakupa msimbo wa uhamisho, nawe unauingiza kwa msajili wako. Kwa majina yaliyo chini ya ICANN, jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni haliwezi kwa kawaida kuhamia kwa msajili mwingine hadi zipite siku 60. Ulizeni jambo hilo kabla ya kutia saini, kwa sababu nimeona watu wakishutumiana wizi wakati kosa lilikuwa ni kufuli hilo tu.

Kuna wanaonishauri, na najua mmo humu, kwamba ni afadhali kusubiri usajili wa mwenye jina uishe ulichukue bure. Linawezekana, lakini lisiwe tegemeo. Jina la .com halidondoki siku muda wake unapoisha. Msajili huweza kumpa mwenyewe nafasi ya hadi siku 45 za kuhuisha. Likifutwa, anazo siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kisha hukaa siku 5 likisubiri kufutwa kabisa. Na jina lenye thamani huwa haliifikii siku hiyo ya mwisho, kwa kuwa wasajili wengi huliuza kwenye mnada mapema, na kama litadondoka, kompyuta za wanaovizia majina hulidaka kabla wewe hujafungua simu yako. Mwezi Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, na mtu wa nje akawalipia dola 35 ili huduma iliyotegemea jina hilo irudi. Wale walikuwa na bahati ya kukutana na mtu mwema.

Jambo la mwisho ninaloliona likisahaulika ni siku baada ya jina kuwa lako. Siku hiyohiyo ukiwasha barua pepe juu yake, utaanza kupokea barua zilizoandikwa kwa mwenye jina wa zamani: taarifa za benki, majibu ya hospitali, viungo vya kubadilisha nywila za akaunti zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata pasipo sheria barua zile si zako. Andikeni kwenye mkataba kwamba kwa miezi kadhaa barua zote za anwani za zamani zitapelekwa kwake bila kufunguliwa, kwamba yeye atahamisha akaunti zake zote kutoka kwenye jina hilo kabla ya tarehe mliyoitaja, na kwamba baada ya hapo anwani hizo zitafungwa. Muuzaji akiona kifungu hicho kwenye rasimu, hata mazungumzo ya bei hulegea, kwa sababu anajua anamwachia nani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapo ili wenye rekodi za usajili kwenye simu zao waje nazo mbele tuzisome pamoja wakati wa maswali. Asanteni.